Seoul ni Mwendo wa Saa Tatu

Mfuko wa Orgil ulianza safari ya Seoul siku tano kabla ya mwenyewe.

Tiketi ilikuwa ya Jumanne, na pale Ulaanbaatar, mji mkuu wa Mongolia, mtu ambaye mama yake yu hai haanzi safari ndefu siku ya Jumanne. Bi Handaa, mama wa Orgil, alikwenda hekaluni. Lama, mtawa wa hekalu, akafunua kurasa zake, akasema Alhamisi, asubuhi, kuelekea mashariki. Ndege haibadilishwi kwa ajili ya lama, lakini njia inaweza kufunguliwa mapema. Basi Alhamisi asubuhi mfuko ukatolewa nje, ukaelekezwa mashariki, ukavushwa uchochoro na kuingizwa katika hema la jirani, na hapo safari ikahesabiwa imeanza. Mfuko ukishatoka haurudi ndani. Mwenyewe ataendelea kulala kwao na kula kwao, ila kwa hesabu ya njia mtu huyo hayupo.

Watu wa kitongoji kile cha hema hawakuacha kumtania. Akienda dukani, mwenye duka anamuuliza, "He, wewe si uko Seoul? Huko mmekosa hata kiberiti?" Akipita kisimani kuchota maji, wazee wanamuuliza kama Wakorea wamemlisha vizuri, mbona kakonda. Siku tano nzima Orgil alitembea mtaani kama mzimu mwenye ndoo.

Hema zilizokuwa upande wa mashariki zilikuwa nyingi. Bi Handaa alipita la kwanza na la pili, akabisha hodi la tatu, kwa Mama Dulam. Alijua anachofanya. Binti wa Mama Dulam, Namuun, ndiye aliyeupokea mfuko mlangoni kwa mikono miwili. Orgil alikuwa nyuma ya mama yake, kofia mkononi, masikio yamemwiva kwa baridi.

"Utanisubiri?" alimuuliza palepale, Bi Handaa alipogeuka kuzungumza na mbwa. "Ni mwaka mmoja tu wa kusoma lugha. Halafu narudi na cheti, napata kazi ya maana, namwendea mama yako kwa heshima."

"Jibu utalikuta hapa," Namuun alisema, "siku utakapokuja kuchukua mzigo wako."

Na sasa ilikuwa Jumanne.

Upepo wa mwezi wa tatu ulikuwa umeanza kabla ya jua. Namuun aliamka, akachochea jiko la katikati ya hema, akatia makaa, akabandika maji. Mfuko ulikuwa pale pale alipouweka, upande wa kulia wa mlango, wa bluu, umefungwa kamba kwa sababu zipu haikuaminika.

"Umekaa unautazama kama mgonjwa," mama yake alisema kutoka kitandani.

"Siutazami."

"Utazame tu, sikukatazi. Na mimi niliutazama hivyo hivyo mfuko wa dada yako. Nao ulikuwa wa bluu."

Namuun akasogeza makaa. Habari za dada yake, Oyuna, zilikuwa na mahali pake katika nyumba ile, kama sanduku lililowekwa njiani ambalo kila mtu amezoea kulizunguka.

Siku Oyuna alipoondoka, Mama Dulam alimbusu shavu la kulia. Alimbusu kama wanavyobusu watu wa huko, kwa pua, kwa kuvuta harufu ya ngozi ya mtoto mpaka ndani kifuani. La kushoto akaliacha. Hivyo ndivyo wanavyomuaga msafiri. Shavu moja ni la kwenda nalo, la pili ni la kurudi. Anayebaki hulitunza hilo la pili mpaka siku msafiri atakapokanyaga tena kizingiti, na msafiri huenda nalo likiwa kavu, apate kukumbuka kwamba kuna jambo halijaisha nyumbani.

Mwaka mmoja, Oyuna alisema. Wa kusoma lugha. Sasa ulikuwa wa kumi na moja. Masomo yaliisha, ruhusa ya kukaa ikaisha, yeye akabaki anakata mboga katika mkahawa, na anajua akitoka nchi ile haingii tena. Kila Jumapili anapiga simu ya picha. Anacheka, anaonyesha theluji ya Seoul, anaonyesha viatu. Mwisho wa mazungumzo huweka shavu la kushoto karibu na kioo, nusu kwa mzaha, na kila Jumapili Mama Dulam husogeza simu mbali na uso wake.

"Usinipotezee," husema. "Hilo nimeliweka."

Namuun alikuwa dereva wa basi la waya, yale mabasi ya umeme yanayokwenda na kurudi Barabara ya Amani yamenyoosha fito mbili za chuma juu. Kwa mwaka alikuwa anaendesha umbali wa kumfikisha Seoul na kumrudisha mara nyingi, ila kila zamu ilimwacha palepale alipoanzia. Alimpata Orgil humo humo kazini. Majira ya baridi ya mwaka juzi fito zilichomoka kwenye waya katikati ya njia panda, basi likafa, honi zikaanza. Namuun akashuka na glovu zake, akashika kamba ya nyuma avute fito azirudishe. Kijana mmoja abiria akashuka naye, akashika kamba ya pili bila kuulizwa, akavuta upande usiotakiwa.

"Kaka, unavuta basi au unavuta mbingu?" Namuun alimuuliza.

"Wewe niambie tu ninyanyue lini," kijana alisema, "mimi nimekuja kukutazama karibu."

Alikuwa mchomeleaji vyuma, ana alama za cheche mikononi, na tangu siku ile alikuwa anapanda basi lile hata siku ambazo hakuwa na pa kwenda.

Maji yalikaribia kuchemka. Namuun akatia majani ya chai, chumvi, akaanza kumimina kwa upawa na kurudisha, kumimina na kurudisha.

"Umeamua nini?" Mama Dulam aliuliza. Alikuwa amekaa sasa, anafunga kilemba chake cha sufi.

"Bado."

"Mwongo. Umeamua. Unakoroga chai kama mtu aliyeamua."

"Mama, Orgil si Oyuna."

"Sijasema ni Oyuna. Oyuna alikuwa na akili zaidi."

"Humpendi tu."

"Nani kasema? Nampenda. Alinitengenezea dohani ya jiko, hakuniharibia hata ufito mmoja wa paa. Kijana mzuri." Mama Dulam alisimama, akatia tanzi mkanda wa vazi lake. "Mimi sina ugomvi na kijana. Nina ugomvi na ile ndege. Inaondoka imejaa na inarudi imejaa, lakini wanaorudi si wale waliokwenda."

Mbwa akabweka, akanyamaza. Orgil aliingia ameinama, akakanyaga ndani kwa mguu wa kulia bila kugusa kizingiti. Alikuwa amevaa koti jipya. Shavu la kulia lilikuwa jekundu. Mama yake alikuwa ametoka kumuaga, na Bi Handaa akibusu mtu hubaki na alama.

"Umeamkaje, mama? Mmepumzika salama?"

"Salama. Kaa. Kunywa chai. Seoul kuna hali gani?"

Orgil akacheka. "Hata wewe, mama!"

"Mimi nina nini? Si uliondoka Alhamisi? Nakuuliza habari za huko."

Namuun akampa bakuli la chai kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko. Vidole vyao viligusana chini ya bakuli, kidogo, kwa muda ambao bakuli lilihitaji na zaidi kidogo. Orgil alimtazama. Alikuwa na macho ya mtu ambaye hakulala. Namuun akageuka kuchukua sahani ya jibini kavu, maana mama yake alikuwa anaona kila kitu na hasemi.

"Ganzo anakuja na gari," Orgil alisema. Ganzo alikuwa binamu yake. "Anasema tuwahi. Kwa foleni ya leo, kutoka hapa mpaka uwanjani tutakaa muda ule ule ndege itakaokaa angani."

"Na ni muda gani huo?" Mama Dulam aliuliza, kama hajui.

"Saa tatu, mama. Saa tatu na dakika kidogo. Kilomita kama elfu mbili. Naondoka hapa saa saba mchana, na hii chai yako haijashuka tumboni nimefika."

"Chai yangu hushuka upesi."

"Haya, tupige hesabu." Orgil alijua kubembeleza wazee; aliweka bakuli chini, akahesabu kwa vidole. "Kaka yako yuko kule mkoani Uvs. Kwenda Uvs kwa basi ni mchana na usiku wake, na theluji ikifunga njia ni siku mbili, tatu. Unamlilia? Humlilii. Mimi nitakuwa karibu kuliko kaka yako. Seoul ni jirani. Uvs ndiyo ng'ambo."

"Kaka yangu akitaka kuja hupanda basi," Mama Dulam alisema. "Anakaa kwenye kiti, anatapika njia nzima, anafika. Hamwombi mtu."

"Na mimi nitapanda ndege."

"Kula jibini."

Akala jibini. Halafu akamgeukia Namuun, kwa sauti ya kumchekesha. "Ulimwambia mama habari ya ile tiketi? Mwambie. Kwenda, kwa saa za kwenye tiketi, ni zaidi ya saa nne. Kurudi ni saa mbili na nusu. Kwa karatasi, kurudi ni karibu kuliko kwenda!"

"Ni kwa sababu saa zao ziko mbele yetu kwa moja," Namuun alisema. "Wanakuongezea saa ukienda, wanakunyang'anya ukirudi."

"Hata kama. Mtu akisoma ile tiketi anaona njia ya kurudi ni fupi."

"Fupi," Mama Dulam alisema. "Mwanangu Oyuna anaishi mwisho wa njia fupi."

Orgil akainamia jiko. Alitazama moto. Mama Dulam alimwacha autazame, kisha akachukua ndoo ndogo na upawa wa mbao.

"Nakwenda kwa jirani kutafuta maziwa mabichi. Mtu hatoki kwangu bila kunyunyiziwa njia, hata kama njia yenyewe siitaki." Mlangoni akasimama. "Sitakawia," alisema, na wote wawili walielewa alikuwa anawapa muda, na pia alikuwa anawawekea mpaka.

Mlango ukafungwa. Upepo ulipiga turubai la nje, likatulia, ukapiga tena.

Walikuwa wamekaa pande mbili za jiko. Orgil akazunguka, akaja akachuchumaa mbele yake, akashika ncha za vidole vyake.

"Mikono yako ya moto," Namuun alisema.

"Nimeshika bakuli."

"Umelala?"

"Hapana. Wewe?"

"Nilikuwa nachunga mzigo wa mtu."

Orgil alitabasamu, lakini tabasamu halikufika machoni. Namuun aliliona hilo akadhani ni uchungu wa kuondoka. Alimtazama kwa utaratibu, kama anavyotazama vioo vyote kabla ya kung'oa basi kituoni: nyusi, kovu dogo la cheche chini ya jicho, mdomo uliopasuka kwa baridi. Alitaka kuukumbuka uso huo kama ulivyo, bila kuupamba. Mwaka si mrefu. Mwaka ni zamu mia tatu na ushee. Amewahi kungoja taa nyekundu zikageuka, na foleni ya Barabara ya Amani imemfundisha kukaa bila kuhangaika.

"Nilisema jibu utalikuta hapa," alisema.

"Ulisema."

"Nitakusubiri. Mama atanuna, atazoea. Mwaka mmoja nitakusubiri, Orgil, na mtu asiniulize mara mbili."

Orgil alifumba macho. Hakusema asante wala hakucheka. Aliinamisha kichwa juu ya magoti ya Namuun, akakaa hivyo, mabega yakipanda na kushuka. Namuun akaweka mkono kwenye nywele zake. Kwa dakika hiyo moja kila kitu kilikuwa mahali pake, hata ule mfuko.

Nje honi ikalia mara mbili. Ganzo.

"Inuka," Namuun alisema. "Inuka nikuage."

Orgil alisimama, naye akasimama. Namuun akamshika uso kwa mikono miwili, akaweka pua yake kwenye shavu la kulia, hapo hapo Bi Handaa alipopita, akavuta. Sabuni, moshi wa makaa, na ile harufu ya chuma ambayo haimtoki mchomeleaji hata akioga mara tatu. Akavuta mpaka mwisho. Kisha akamwachia.

Orgil hakusogea. Akageuza uso, taratibu, akamletea shavu la kushoto.

"Na hili," alisema.

Namuun akacheka. "Hilo la siku ya kurudi."

"Nipe tu."

"Orgil."

"Nipe yote mawili, Namuun. Nakuomba. Nikiwa kule nataka niwe nayo yote mawili."

Alilisema haraka, kwa sauti ya chini, machozi yamesimama. Alikuwa ameshalisema ndipo akasikia alichosema. Namuun aliona anavyosikia. Uso wa Orgil ulibadilika, kama mtu aliyeshusha mguu akakuta ngazi imeisha.

Mtoto wa miaka minne wa mtaa ule anajua. Bibi anayekwenda hospitali mwenyewe hulificha shavu la pili kwa kiganja, asije mtu akamkosea. Hakuna anayeliomba. Analiomba tu mtu ambaye moyoni hana siku ya kulipata kwa njia ya kawaida.

"Unarudi lini?" Namuun aliuliza.

"Si nimeshasema? Mwaka..."

"Nakuuliza wewe, siulizi karatasi ya shule."

Honi tena.

"Namuun, gari linangoja."

"Lingoje. Lini?"

Orgil alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Akavua kofia, akaivaa, akaivua. "Kaka yake Ganzo kule Seoul ana kiwanda kinachotaka wachomeleaji," alisema hatimaye. "Si kiwanda chake. Anafanya kazi hapo. Wanachukua mtu bila kuuliza sana. Darasani nitakaa miezi mitatu, waandike jina langu, halafu..." Akanyoosha mkono kuonyesha kitu kinachopotea pembeni.

"Halafu ruhusa inakufa."

"Halafu nafanya kazi. Miaka mitano. Sita. Nitakuwa nimejenga, Namuun. Nyumba ya matofali, maji ndani, hakuna kwenda kisimani na ndoo. Nani atanipa hiyo hapa?"

"Ulitaka kuniambia lini?"

"Nikifika."

"Kwa simu."

"Nilitaka nikuambie tangu Alhamisi. Kila nikija nakuta umekaa na ule mfuko, unaniangalia, nashindwa. Mimi sikutaka ukatae."

"Kwa hiyo ukaona nikubali jambo lingine."

Orgil akaivaa tena kofia. Halafu akasimama kwa ghafla, akamshika mabega, na sasa alisema kwa nguvu ya mtu aliyekwisha kutua mzigo. "Njoo wewe! Mwakani. Kule wanawake wanaendesha mabasi makubwa, ya kupendeza, hayana fito. Unapanda saa saba, saa kumi na moja na dakika kumi kwa saa za kule nakupokea uwanjani. Saa tatu, Namuun. Watu wanakaa saa tatu kumngoja daktari wa meno!"

Na Namuun, mtu asidhani alikuwa jiwe, alilifikiria. Alilifikiria kweli. Alijiona akitoka mlangoni pale uwanjani na mkoba, akimwona katikati ya watu, mrefu, na koti hili hili. Aliiona na hiyo nyumba ya matofali. Picha ilikuwa nzuri na haikuwa na kasoro, ila kwenye kona yake alikuwepo mtu amekaa mbele ya simu siku ya Jumapili.

"Na mama?" alisema.

"Mama yako atakuwa na ninyi wawili wa kumtumia pesa..."

"Mama yangu ana shavu moja la kusubiri. Nimwongezee la pili?"

Orgil akamwachia mabega.

"Wewe ulisema kurudi ni karibu kuliko kwenda," Namuun aliendelea, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ile ya kuwaambia abiria wasogee nyuma. "Dada yangu anaweza kusoma tiketi. Kilomita ni zile zile kwake na kwako. Hakuna mtu aliyemwongezea bahari. Umbali wake si ule wa ndege."

"Basi niseme nini? Nisiende? Sema nisiende, nibaki."

Alikuwa anasema kweli. Hilo ndilo lilikuwa gumu. Namuun alijua angesema neno moja Ganzo angezima gari. Na alijua pia wangekaa miaka hiyo hiyo sita, na kila wakipishana kauli juu ya ndoo ya maji, Seoul ingekaa nao mezani.

"Siwezi kukubakiza hapa kama mfuko," alisema. "Nenda."

"Na utanisubiri?"

Namuun alimsogelea. Akamshika uso tena kwa mikono miwili, kama mwanzo. Orgil alipoelewa, alirudisha kichwa nyuma.

"Usi... Namuun, hapana. Nilikosea kusema. Liache."

"Umeliomba."

"Sikulitaka hivi."

"Haliji kwa namna nyingine."

Akaweka pua kwenye shavu la kushoto, akavuta. Hakufanya haraka. Sabuni, moshi, chuma. Harufu ilikuwa ile ile ya upande wa kulia, na hilo lilimshangaza kidogo. Alipomwachia, mashavu yote mawili yalikuwa yamelowa, na machozi yalikuwa ya Orgil.

Yeye hakulia. Baadaye alijiuliza kwa nini, akaona pengine ni kwa sababu chai ilikuwa inafurika jikoni na ilibidi mtu aiepue.

Mama Dulam akaingia na ndoo ya maziwa. Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akatazama chai iliyomwagika juu ya jiko.

"Ganzo anasema mkikawia tena anakwenda Seoul peke yake," alisema.

Orgil akachukua mfuko. Mlangoni akageuka, akainama kwa mama mwenye nyumba kama inavyopasa. "Kaa salama, mama."

"Nenda salama, mwanangu. Vaa soksi mbili."

Hakumgeukia Namuun tena. Labda alijua akigeuka hatatoka. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye gari dogo la Ganzo, mfuko kifuani kama mtoto, na gari likaanza kuteremka kilima likiyumba kwenye mashimo. Mama Dulam alisimama nje, kilemba kinapigwa na upepo, akachota maziwa kwa upawa, akayarusha juu kuelekea lilikokwenda. Mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Upepo ulimrudishia mengi usoni. Akajifuta kwa mkono wa vazi, akarusha tena.

Aliporudi ndani alimkuta Namuun anafuta jiko.

"Umemwambia nini?"

"Nilimwambia nitamsubiri."

"Nilijua."

"Halafu nikamuaga."

"Wapi?"

"Kulia." Namuun akakamua kitambaa. "Na kushoto."

Mama Dulam alikaa kitini polepole. Akavua kilemba. Namuun alikuwa tayari kusikia kwamba amefanya vizuri, au amefanya ukatili, na alikuwa na majibu ya yote mawili.

"Una moyo," mama yake alisema mwishowe. "Miaka kumi na moja, mimi sijaweza."

Akamimina chai iliyobaki, akampa Namuun bakuli lililojaa mpaka ukingoni, la kwake akatia nusu.

Zamu ilianza saa nane mchana. Ndege ilichelewa kidogo kwa upepo, au haikuchelewa, Namuun hakutazama. Alipakia watu, akashusha watu. Mzee mmoja alimgombeza kwa kufunga mlango upesi. Mwanamke mwenye mfuko wa viazi alimpa pipi. Mzunguko wa pili ulikuwa unaelekea kuisha simu ilipotetemeka mfukoni, na alipofika kituo cha mwisho akaitoa.

*Nimefika. Saa tatu na dakika nane. Kuhusu hilo sikukudanganya.*

Ni kweli, hakudanganya. Kule ilikuwa imeshapita saa kumi na moja. Hapa saa kumi ilikuwa imepita kidogo tu, jua bado liko juu ya vumbi. Namuun alisoma mara moja, akairudisha simu mfukoni, akafunga mlango na kuligeuza basi.

Pale pale njia panda, fito zikachomoka. Basi likafa, taa zikazima, honi zikaanza nyuma yake kama siku zote. Namuun akavaa glovu, akashuka. Upepo ulikuwa umezishika kamba zote mbili ukizipeperusha. Akaikamata ya kwanza, akaivuta, akangoja fito itulie, akairudisha kwenye waya. Akaikamata ya pili.

Abiria mmoja akatoa kichwa dirishani. "Dada, nishuke nikusaidie?"

"Kaa tu," Namuun alisema, macho juu. "Tunaondoka sasa hivi."